Batri ya Mama Kavira Ilikwenda Matangani

Acheni kuniambia kwamba umeme ni umeme. Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye karakana hapa mtaani Saio alikuja kwangu na redresa mkononi, kile kisanduku kinachopokea umeme mkubwa wa jenereta na kuutoa ukiwa mdogo, volti kumi na mbili, wa kulisha taa na friji za ndani ya gari. Friji ya mteja wake ilikuwa imekufa. Ilikuwa ya pili kufa katika gari lile lile.

Nikamuuliza, "Ulipima?"

"Nilipima, muzee. Kumi na tatu na kitu. Courant iko."

"Umeme wenyewe uko safi?"

Akacheka. "Muzee, courant nayo banafulaka na sabuni?"

Umeme haufuliwi, najua, lakini mimi sikucheka. Alipoondoka nilikaa na hasira mpaka chai ikapoa, kisha nikatafuta kalamu. Ninaandika polepole, shule yangu iliishia msingi, lakini kazi hii niliifanya mpaka macho yakakataa kuona nyaya nyembamba. Kwa hiyo nyinyi mnaofungua karakana kila kona ya Bunia, mnaobandika picha ya radi mlangoni na kujiita wataalamu, someni.

Umeme wa jenereta unakwenda mbele na kurudi nyuma. Redresa inaukataza kurudi. Hapo wengi wenu mnadhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Umeme uliokatazwa kurudi bado unakuja kwa vishindo: unapanda, unashuka mpaka chini kabisa, unapanda tena, upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. Mita yako ya kawaida haioni vishindo hivyo. Inachukua juu na chini, inachanganya, inakupa namba moja nzuri ya katikati. Namba ile ndiyo inayowadanganya. Mtu anayekula sahani nzima mara moja kwa siku mbili na mtu anayekula nusu sahani kila siku wamekula sawa kwa hesabu, lakini waite wote wawili wabebe mfuko wa saruji, utaona.

Ndani ya redresa kuna kondensa, vile vikopo vidogo, vinavyopunguza vishindo. Vinazeeka. Kichwa kikivimba kama kopo la sardini lililooza, usiulize mtu, toa, weka kipya. Na baada ya kondensa kuna batri. Nyinyi mnadhani batri ni ya kutunza umeme wa kesho tu. Batri ni tangi la juu ya nyumba. Pampu chini inasukuma maji kwa kishindo, pu, pu, pu, lakini bomba la jikoni linatoa maji yaliyotulia, kwa sababu tangi liko katikati. Ondoa tangi, funga pampu moja kwa moja kwenye bomba la jikoni, kisha simama pale na sahani zako.

Haya sikuyavumbua mimi. Nilifundishwa na Patron Faustin, mwenye karakana nilikoingia nikiwa kijana mwenye haya nyingi, asiyeweza kumwangalia mteja usoni. Wateja walipokuja nilijificha chini ya magari. Patron alinivumilia. Alikuwa na redio ndogo ya zamani, yenye masafa yale ya kelele, na kila redresa iliyotoka mikononi mwetu aliiwasha, akaifunga kwenye taa kubwa ili ifanye kazi kweli, halafu akaisogeza redio karibu. Kama redio ililia mmmm kama mtu mwenye jino bovu, alinirudishia kisanduku.

"Petit," akaniita, yaani mdogo, "unasikia ile?"

"Ninasikia, Patron."

"Ile njo uchafu. Masikio yako iko bure, haina haja ya kununua. Tumia."

Alinifundisha pia kuweka mita kwenye alama ya wimbi, ile ya umeme wa kwenda na kurudi, na kuigusisha kwenye nyaya zile zile za volti kumi na mbili. Ikisoma karibu na sifuri, umeme umetulia. Ikisoma volti nzima au zaidi, usimpe mtu. Ila ijaribu mita yenyewe kwanza juu ya batri peke yake, bila redresa. Batri haina vishindo. Mita ikikuonyesha vishindo pale, ni mita mwongo, mpe mtoto achezee.

Msiseme sikuwaambia.

Mkitaka kujua uchafu huu unafanya nini, ngoja niwape kisa cha Kilo, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Tuliitwa huko na mnunuzi wa dhahabu, bwana mmoja Mwislamu mpole sana, aliyekuwa na mizani ya elektroniki inayokula umeme wa redresa. Wachimbaji walikuwa wamejaa mlangoni kwake wakiwa na mitarimbo. Mizani ilikuwa inacheza. Weka chembe ya dhahabu, namba inapanda, inashuka, inapanda. Mchimbaji anasoma inapokuwa juu, mnunuzi anasoma inapokuwa chini.

"Ule muntu ametia dawa mu mashini," mmoja akasema.

"Dawa gani? Mimi minasali mara tano kwa siku," mnunuzi akajibu.

"Njo maana inashuka mara tano."

Walicheka, lakini mitarimbo haikushuka. Nilifungua redresa, kondensa mbili zilikuwa zimevimba na kumwaga maji yao. Nilifunga mizani kwenye batri ya pikipiki, namba ikasimama kama askari. Watu wakaingia mmoja mmoja, wakapima, wakaenda. Hakuna dawa wala mwizi. Kondensa mbili zilikuwa zimebakiza kidogo kuua mtu.

Sasa Mama Kavira.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, aliyehamia Bunia na wanawe. Aliuza vitenge kwenye masoko ya machimbo, na kwa kuwa alichoka kulala katika vyumba vyenye kunguni, alinunua gari-nyumba kuukuu, gari refu lenye kitanda, jiko la gesi, sinki na friji ndogo. Wazungu fulani walikuwa wamepita nalo wakiizunguka Afrika, likawashinda, wakaliacha. Watoto wa Saio walilikimbilia kila lilipopita. Lakini Mama Kavira hakulinunua kwa raha. Alikuwa na sukari. Kila siku alijidunga sindano, na dawa ile ilitoka mbali, alipewa akiba ya miezi kadhaa kwa mara moja. Chupa iliyofunguliwa inavumilia kukaa nje kwa muda, alinieleza hivyo mwenyewe. Chupa za akiba hazivumilii. Zikipata joto zinakufa, na huwezi kujua kwa kuangalia. Unajidunga maji, unafikiri umejidunga dawa. Kwa hiyo ile friji ndogo, wengine waliyoiona kama mchezo wa wazungu, ndiyo iliyombeba.

Aliliacha gari kwetu kwa sababu redresa ilikuwa imeanza kunguruma. Patron alilipokea. Mimi nilikuwa nimetumwa kazi nje ya mji. Niliporudi, asubuhi, nilikuta gari-nyumba limesimama uani, limeoshwa, limefungwa kwenye jenereta yetu, taa za ndani zinawaka. Ndani ya friji tayari kulikuwa na maboksi ya dawa. Mama alikuwa ameyaleta jana yake jioni, kwa kuwa aliambiwa gari liko tayari. Siku hiyo mchana alitakiwa kutoka na msafara, magari ya kwenda Kilo yakiondoka pamoja, maana njia ile mtu haendi peke yake.

Nilisimama mlangoni nikasikia friji. Tak. Ikazunguka kidogo. Tak, ikazima. Kimya. Tak, tena. Nikaingiza mkono katikati ya maboksi, baridi ilikuwa imebaki kidogo tu.

Batri ya gari lile ilikaa chini ya kitanda, ndani ya kasha la mbao lenye kifuniko cha skrubu nne. Nilifungua. Kasha lilikuwa tupu. Palikuwa na mraba safi mahali pa kukaa batri, vumbi pembeni, na nyaya mbili za friji zilizosokotwa pamoja na nyaya za redresa, zikafungwa kwa utepe mweusi. Kazi nzuri. Utepe umevutwa sawasawa, ncha imekunjwa. Niliujua mkono ule, ndio ulionifundisha kukunja ncha.

Nilikwenda kwa Patron. Alikuwa anakunywa chai.

"Patron, batri ya mama iko wapi?"

"Iko Ngezi."

"Mtaa wa Ngezi kufanya nini?"

"Kuko matanga. Ndugu ya bibi yangu amekufa, shemeji yangu. Bakakosa batri ya baffle, ningesema nini? Nikatoa ile. Matanga ikiisha itarudi."

Nyinyi wa hapa mnajua. Kwenye matanga mtu hanyimwi kitu. Wakija kuomba viti unatoa viti, wakija kuomba sufuria unatoa sufuria, na siku hizi wanakuja kuomba batri, kwa ajili ya baffle, zile spika, na taa, maana wafiwa hawakai gizani bila nyimbo. Mimi mwenyewe nimetoa batri zangu mara nyingi na sijawahi kujuta. Lakini zilikuwa zangu.

Nikasema, "Friji inazima-zima, Patron. Courant ni chafu."

"Minajua."

Sikilizeni jibu lile. Angesema hajui, hasira yangu ingekuwa ndogo na leo nisingekuwa ninaandika. Alijua. Alijua kabla yangu, alijua kuliko mimi. Alifunga redresa moja kwa moja kwenye friji ili mama akija asikie inanguruma na aone taa, akafunika kasha tupu kwa skrubu nne.

"Akifika Kilo ataunga mu groupe, jenereta ya kule," akaendelea. "Juma lijalo minatuma batri na motard, muntu wa pikipiki. Haina shida."

"Na dawa?"

Akanywa chai.

Mama Kavira akaingia uani wakati huo, mwanamke mfupi, mnene, mwenye kutembea kama aliyechelewa. Alinisalimia, akamsalimia Patron, akauliza, "Iko tayari?"

"Iko tayari, mama," Patron akasema. "Kazi safi."

Nilikuwa mtu mzima tayari, na bado sikuwa nimewahi kusema mbele ya mteja zaidi ya ndiyo na hapana. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nikaangalia viatu vyangu na kusema, "Batri haiko."

"Unasema nini, weye?"

"Batri haiko, mama. Iko kwa matanga, Ngezi."

Patron aliniita kwa jina langu la ubatizo, jambo alilolifanya akikasirika tu. Mama Kavira hakupiga kelele. Alipanda garini, nikasikia akifungua friji. Aliposhuka alikuwa na maboksi yake kifuani. Aliyaweka ndani ya termosi kubwa ya chakula, akafunika na kitambaa alichokilowesha kwenye pipa letu.

"Hii itanifikisha mpaka mchana," akasema. Kisha kwa Patron: "Weye unakuya na siye Ngezi?"

"Mama, kudai kitu mu matanga, ile ni haya kubwa."

"Basi haya yako tutakubebea."

Tulikwenda kwa pikipiki, mimi, Mama Kavira na dereva katikati ya vumbi. Njiani nilikuwa ninapanga maneno na maneno yalikuwa yanaanguka. Tulifika. Turubai ya bluu, viti vya plastiki, wanawake chini kwenye mikeka, spika mbili ndefu, na katikati ya spika, juu ya tofali, batri ya Mama Kavira. Niliitambua kwa alama ya rangi nyekundu. Mtu mwenye kipaza sauti alikuwa anashukuru waliosaidia.

"Tunashukuru sana Patron Faustin. Bila yeye tungekuwa mu giza. Patron ametoa batri yake mwenyewe."

Watu wakapiga makofi kidogo, ya msibani. Mama Kavira akanitazama. Nilidhani atakwenda kushika kipaza sauti. Hakwenda. Alivua viatu, akaketi mkekani karibu na mjane, akamshika mkono, akakaa. Akakaa kweli, kama hana safari, kama hana termosi iliyofunikwa kitambaa. Alitoa kitenge kipya kwenye mkoba, akakiweka kwenye mapaja ya mjane. Mimi nilisimama nyuma, jua likipanda, na kila wimbo ulikuwa mrefu kuliko ule uliotangulia.

Hatimaye alisema chini chini. Nilisikia mwisho tu: "...si yake, mama. Ni yangu. Minaishi na dawa, na ile batri njo inalinda dawa yangu."

Kaka wa marehemu, aliyesimama karibu, akasikia. "Muntu anatoka mu barabara anakuya kututolea taa mu kilio? Hamuna hata aibu?"

"Niko na aibu," Mama Kavira akajibu. "Niko na sukari pia."

Kaka akafungua kinywa tena, lakini mjane alikuwa ameinua mkono. Alikuwa mwanamke mkavu, amelia mpaka sauti imebaki nyuzi.

"Bwana yangu hakulala na kitu ya muntu mwingine akiwa muzima," akasema. "Hatalala nayo sasa. Mutoe."

Nilikwenda nikalegeza nyaya. Mwenye kipaza sauti alikuwa amerudia shukrani kwa waliochelewa kufika. "Na tena Patron Fau," akasema, na spika zikafa. Kijana mmoja akacheka, akapigwa kofi la kisogo na mama yake. Mjane alisema waimbe kwa mdomo, na wakaimba, na ninawaambia kweli, uimbaji ulikuwa mzuri kuliko ule wa spika.

Lakini hasira yangu ilikuwa bado na mlima wa kupanda. Tulipofika Saio nikapima. Batri ilikuwa chini ya volti kumi. Spika zilikuwa zimeinyonya usiku na mchana bila mtu kuijaza. Vijana, batri iliyolala hivyo hairudishwi kazini papo hapo. Ukiifunga kwenye redresa na friji, itakula umeme wote yenyewe, kama mtu aliyetoka njaani, na friji itabaki na makombo. Inatakiwa kujazwa polepole, peke yake, mchana na usiku, kisha ipimwe ikiwa imepumzika, na hata hapo huenda imeshaharibika. Mama alikuwa na saa chache tu. Magari ya Kilo yalikuwa yanajipanga barabarani, tulisikia honi zao.

"Patron," nikasema, "tunahitaji batri nzima."

"Haiko. Juma lijalo."

"Ya pick-up yako ni nzima. Nimeipima mimi mwenyewe."

Alinicheka usoni. "Pick-up yangu? Nitatembea na nini?"

"Na miguu," Mama Kavira akasema.

Batri ya kuwashia gari si batri ya kulisha friji, lazima niseme hivyo ili msije mkaniiga bila akili. Ile ya kuwashia inapenda kutoa kwa nguvu mara moja na kupumzika, ukiinyonya polepole mpaka chini unaiua. Lakini ikikaa katikati ya redresa na friji, ikijazwa kila siku, inatuliza umeme vizuri. Ingemfikisha Kilo, ingemkalisha huko mpaka anunue ya kwake.

Nilichukua ufunguo namba kumi, nikafungua boneti ya pick-up. Nikaanza na waya wa hasi, kama inavyotakiwa. Patron alikuja akasimama juu yangu.

"Petit. Ukitoa ile batri, hapa usirudi."

Niliendelea kulegeza. Miaka yote ile nilikuwa ninafikiri kwamba mtu anayejua kitu vizuri hawezi kukifanya vibaya makusudi. Niliitoa batri, nikaibeba kifuani, asidi ikanitoboa shati, nikaiingiza chini ya kitanda cha gari-nyumba. Nikakata ule utepe mweusi wenye ncha iliyokunjwa. Nikafunga nyaya za redresa kwenye batri, na za friji kwenye batri, kila moja mahali pake. Friji ilisema tak, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Niligusisha mita kwenye alama ya wimbi. Karibu na sifuri. Mama Kavira alipiga magoti akarudisha maboksi, moja baada ya jingine, akiligusisha kila moja shavuni kabla ya kuliweka.

Patron alikuwa mlangoni mwa gari, ameshika fremu kwa mikono yote miwili. Hakuwa ananitisha tena.

"Mimi njo nilikufundisha kazi," akasema.

"Ndiyo, Patron. Njo hii."

Nikachomoa waya wa jenereta yetu, nikarudisha kifuniko cha kasha, nikakaza skrubu zote nne, na Mama Kavira akawasha gari kabla sijashuka.